Plasta Kwenye Nyonga ya Chifu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza. Nimeweka ndoo nne ghalani: moja chini ya dirisha, mbili kwenye kona ya ndege waliokaushwa, na moja mlangoni, ambayo kila mwaka huwa naipiga teke mwenyewe. Kwenye ubao wa getini, ambapo kila Jumatatu huwaandikia wageni jambo moja la kushangaza, nimeandika: "Pweza ana mioyo mitatu." Mlinzi akasoma, akatikisa kichwa. "Mitatu! Mimi huu mmoja tu unanitoa jasho." Nikacheka sana.

Saa nne Profesa, mkuu wetu wa makumbusho, akaniita ofisini. Alikuwa na barua mkononi na uso wote umemchanua. Kuna mtafiti wa chuo kikuu anayechunguza meno ya watu wa kale. Anaomba jino moja la Chifu.

"Watatuambia hata alikula nini utotoni," akasema. "Na matokeo yatafika kabla ya ufunguzi wa ukumbi wake. Fundi, unaona bahati hiyo?"

Nikasema naiona. Nikarudi ghalani.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Nimemwandalia mtafiti jino. Sijala mchana.

Ijumaa, 6 Machi

Acha niandike, maana kichwani hapakaliki.

Miaka kumi na moja iliyopita wachimba mtaro walikuta kaburi la kale, la kama miaka elfu moja na mia tano. Mtu amelazwa ubavu, vichwa viwili vya mikuki kifuani, na jiwe la kunolea karibu na mkono. Profesa, matope yakiwa bado magotini, akasema papo hapo: "Huyu ni chifu." Jina likabaki. Hakuna aliyeuliza kama ni mwanamume. Hata mimi, mwanamke, sikuuliza.

Fuvu lilikuwa limepondwa na sepetu. Nyonga ya kushoto ilikuwa imegeuka unga. Ikabaki ya kulia, nayo imevunjika pale pale panapotofautisha mume na mke, kwenye tao, yaani ule mpindo ulio nyuma ya mfupa. Kwa mwanamume tao huwa jembamba, kwa mwanamke hupanuka. Nikapewa mimi nilijaze. Nilifungua kitabu cha mwongozo kwenye ukurasa wa mwanamume, kwa kuwa kulikuwa na mikuki, nikafinyanga plasta, ule unga mweupe unaokauka kama jiwe, kufuata ile picha.

Kanuni ya kazi yetu haina utata. Kiraka kipakwe rangi iliyopungua kidogo ili jicho la mtaalamu likione, halafu kiandikwe kwenye kadi ya mfupa. Mimi nilikuwa na wiki tatu kazini na nilitaka kuonekana. Nikakipaka rangi ya mfupa wenyewe, hadi na vidoa vya udongo. Kadi nikaiacha tupu nikisubiri Profesa akague. Akakagua, akainua ule mfupa mbele ya wote, akasema, "Tazameni. Huwezi kujua mfupa unaishia wapi na mkono wa fundi unaanzia wapi."

Wiki hiyo nikapewa mkataba. Baada ya sifa zile, ningeandikaje "kiraka" kwenye kadi? Nikasema nitaandika kesho. Kesho hiyo sasa ina miaka kumi na moja.

Ripoti ilipotoka ilisema: mwanamume, kwa kipimo cha tao la nyonga. Kilichopimwa ni plasta yangu.

Jumatatu, 9 Machi

Ubao: "Nyuki wote wafanyakazi ni majike. Dume hana hata mwiba."

Mtafiti amefika. Nilikuwa nimemwita Daktari wa Meno kichwani, nikatarajia mzee mwenye miwani minene. Kumbe ni binti wa miaka thelathini na kitu, viatu vimelowa, mchangamfu mno. Alilichukua jino kwa koleo ndogo kama mtu anayeokota yai la mjusi.

"Dada, unajua kwenye gamba la jino kuna protini inayotunza siri ya mtu?" akaniambia. "Wanaume wana aina mbili, wanawake wana moja tu. Hata mifupa ikioza yote, jino litasema."

"Litasema lini?"

"Kama wiki tano hivi. Ila kwa huyu tunathibitisha tu. Nimeona picha ya ile nyonga. Ni nadra sana kupata tao zima namna ile!"

Zima. Nikamwambia maji ya moto ya chai yapo kwenye chupa. Ndicho kilichonitoka mdomoni.

Alhamisi, 12 Machi

Wadudu wangu wamemsafisha kunguru kichwa chote kwa siku mbili. Wageni huwaogopa wale mbawakawa, lakini mimi nawapenda, wanakula nyama na kuacha mfupa bila mkwaruzo hata mmoja. Na mfupa wakiukuta na kasoro, wanauacha na kasoro yake.

Jumatatu, 16 Machi

Mama alikuwa mkunga miaka thelathini na minane. Leo jioni tukichambua mchele nikamchokonoa.

"Mama, nyonga ya mwanamke unaijuaje?"

"Unaniuliza mimi? Ni kama kumuuliza dereva usukani." Akaniangalia tumbo. "Kwani kuna nini? Umenasa?"

"Mama! Nina miaka arobaini na miwili."

"Sijakuuliza umri."

Nikamwambia yote. Sijawahi kumwambia mtu. Nilisema haraka haraka macho yakiwa kwenye ungo, na nilipomaliza mchele ulikuwa unamwagika. Mama akaokota punje zote kwanza.

"Kwa hiyo umemfunga mwanamke wa watu plasta miaka kumi na moja."

"Hatujui kama ni mwanamke."

"Kama ungekuwa na uhakika ni mwanamume ungekuwa unakula." Akapuliza pumba. "Na huyo Profesa wako, siku ile alipokusifu, alikuwa anasifu nini?"

"Kiraka."

"Basi alijua kuwa ni kiraka."

Nilibaki nimeshika ungo. Miaka yote hii sijawahi kulifikiria hilo. Nilikuwa na shughuli ya kujilaumu.

Jumatatu, 23 Machi

Ubao: "Yupo samaki wa matumbawe ambaye jike mkubwa akifa, dume lake hugeuka kuwa jike."

Profesa alisimama mbele ya ubao na mwavuli wake, akausoma mara mbili. "Wiki hii umechagua hili kwa nini?" akauliza. Nikasema limo kwenye orodha ya zamani. Hilo ni kweli. Lakini alinitazama, na mimi nikamtazama, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza nani kati yetu anamwogopa mwenzake.

Alhamisi, 26 Machi

Paa limevuja vibaya. Tumehamisha masanduku ishirini na sita, mimi na mlinzi, suruali zimekunjwa hadi magotini. Maji yaliharibu swala wawili na bundi mmoja, wale waliokaushwa. Sanduku la Chifu lipo rafu ya juu kabisa, halikuguswa hata na tone. Nililifungua kuhakikisha, nikagusa kila mfupa. Nilipofika kwenye ule wa nyonga nikafunga kifuniko.

Jumatatu, 30 Machi

Ubao: "Miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita mwanamke mtengeneza manukato aliandikwa jina lake kwenye kibao cha udongo. Ni miongoni mwa wakemia wa mwanzo kabisa tunaowajua."

Mwalimu aliyekuja na wanafunzi akaniuliza tunajuaje kama si mwanamume. Nikamjibu kwamba imeandikwa. Jibu hilo halikuniridhisha mimi mwenyewe. Hata kwenye ripoti yetu imeandikwa.

Jumanne, 7 Aprili

Profesa amenipenyezea habari njema, na laiti asingefanya hivyo. Amenipendekeza kwa bodi niajiriwe kwa kudumu. Miaka kumi na moja ya kusaini mkataba mpya kila Desemba, roho mkononi, inaweza kwisha mwezi ujao.

"Nastaafu baada ya ufunguzi," alisema. "Ukumbi wa Chifu ndio utakaobaki wa kwangu hapa. Sitaki nikuache ukining'inia."

Alisema kwa upole sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika brashi, kutenganisha udongo na mfupa kwa sauti tu, kutokuwa na haraka. Sijui nimuweke wapi moyoni. Nilitamani awe mtu mbaya, ningepata nafuu.

Ijumaa, 10 Aprili

Fundi seremala ameleta sanamu ya Chifu, ya mti, urefu wa mtu kamili. Ana kifua kipana na ndevu. Nani aliyempa ndevu?

Jumatatu, 13 Aprili

Sikuandika chochote ubaoni. Mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 15 Aprili

Jino limesema.

Saa tano Profesa akaniita, akafunga mlango, akaufunga tena kwa ufunguo. Karatasi ilikuwa mezani imegeuziwa upande wangu. Sikuelewa majedwali, nikasoma mstari wa mwisho: protini ya kiume haikuonekana kabisa; sampuli ilikuwa katika hali nzuri sana; mhusika, kwa uwezekano mkubwa, alikuwa mwanamke.

Mvua ilikuwa inapiga dirishani kiasi kwamba alilazimika kuinua sauti, na Profesa si mtu wa kuinua sauti.

"Hili haliwezekani. Tuna nyonga."

Nikasoma tena ule mstari wa mwisho.

"Fundi. Tuna nyonga?"

"Tuna kiraka, Profesa."

Nilidhani atafoka. Akakaa chini polepole. Akachukua fomu kwenye droo, ile ya kuripoti uharibifu wa vitu vya ghala, ikiwa tayari imejazwa kwa mwandiko wake. Ilisema kuwa tarehe 26 Machi sanduku namba mia moja na kumi, la Chifu, lilirowa maji ya mvua, na kwamba huenda meno yaliyomo yamechafuka. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mtunza ghala. Yaani mimi.

"Jino lilichukuliwa tarehe tisa," nikasema. "Paa lilivuja tarehe ishirini na sita."

"Lilivuja mwaka jana pia. Tutarekebisha tarehe." Hakuwa ananitazama. "Sisemi tufiche. Nasema tuombe jino jingine lipimwe mwakani. Tufungue ukumbi kwanza. Sanamu ipo. Kadi za mwaliko zimeshatoka."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Mwenye mifupa."

Akafuta miwani yake kwa shati. "Amesubiri miaka elfu moja na mia tano. Mwaka mmoja hautamuumiza." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekusogezea kiti, "Bodi inakaa mwezi ujao kuhusu ajira yako. Nisingependa wafungue faili lako na kukuta vurugu."

Nimetoka na fomu ndani ya mkoba. Nimeikunja mara nne, na bado naihisi hadi sasa ninapoandika. Nikisaini, nitakuwa mwajiriwa wa kudumu na mwongo wa kudumu. Nisiposaini, kila mtu atauliza nani aliyemtengenezea mwanamke nyonga ya kiume, na jibu ni mimi, na Desemba hakutakuwa na mkataba wa kusaini. Mama ana dawa za presha za kila mwezi. Mimi sijui kazi nyingine. Nani ataajiri mama wa makamo anayejua kufuga wadudu wala mizoga?

Naogopa. Nimeandika ili nilione neno lenyewe. Naogopa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimemwonyesha Mama fomu. Aliisoma kwa miwani, akairudisha.

"Mimi nimewahi kuandika mtoto wa kike kwenye daftari kuwa wa kiume," akasema. "Nilikuwa nimechoka, zamu ya pili mfululizo. Baba yake alishangilia koridoni. Ilibidi nimfuate."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nimekosea. Kwani kuna maneno mengine?"

"Akafanyaje?"

"Alininunia mwaka mzima." Akaivua miwani. "Sikwambii usaini wala usisaini. Presha ni yangu, usiiweke kwenye mizani yako."

Jumatatu, 20 Aprili

Nimefika saa moja asubuhi, kabla ya mlinzi wa zamu ya mchana. Nikashusha sanduku namba mia moja na kumi.

Kati ya plasta na mfupa niliweka gundi, na gundi ile hulainika kwa asetoni, dawa ile ile ya kufutia rangi ya kucha. Nikachovya pamba, nikaizungusha kwenye kiungo, nikafunika kwa karatasi ya nailoni, nikakaa. Nilihesabu matone kwenye ndoo. Baada ya nusu saa nikabadilisha pamba. Nilifanya hivyo mara tatu, na kila mara nilijiambia bado naweza kuacha.

Kisha kiraka kikaachia. Kilitoka kizima mkononi mwangu, kipande cheupe kilichopakwa rangi upande mmoja, chepesi ajabu. Chini yake ncha mbili za mfupa halisi zilitazamana kwa mbali. Kwa mbali sana. Nilipoziba mwanzoni nilizilazimisha zikaribiane kwa kujaza plasta nene pande zote mbili, na sikumbuki kabisa kama nililiona hilo au nilikataa kuliona.

"Unafanya nini?"

Profesa alikuwa mlangoni, mwavuli unachuruzika. Sikumsikia akiingia.

"Natoa kiraka changu."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna aliyeniruhusu kukiweka vile, Profesa."

Alivuka ghala, akapiga teke ile ndoo ya mlangoni, maji yakatapakaa, hakugeuka. Nilisimama mbele ya meza. Nilikuwa tayari anipige, ingawa hajawahi kumpiga hata nzi. Alinipita. Akachukua mfupa kwa mikono miwili kama anavyotufundisha, akaugeuza kwenye taa, akaweka kidole gumba kwenye tao. Wanafunzi wake wote anawafundisha kipimo hicho: kwa mwanamume kidole hubanwa, kwa mwanamke hupata nafasi. Akakisogeza kushoto. Akakisogeza kulia. Kilikuwa na nafasi ya kutosha.

Alikaa kwenye kiti changu.

"Nilijua ni plasta," akasema.

"Najua."

"Kwenye daftari langu la vipimo niliandika: kipimo cha muda, kirudiwe. Nikasema nitapima tena vizuri, nitatafuta njia nyingine. Halafu magazeti yakaja." Akautua mfupa juu ya kitambaa. "Kila mwaka nilikuwa nasema mwaka huu."

Nikamtazama, shati limelowa begani, mzee wa miaka sitini na mitatu na kidole gumba chenye vumbi la mifupa. Kumbe na yeye alikuwa na kesho yake. Tuliishi jengo moja na kesho zetu mbili, kila mtu akidhani anaibeba peke yake. Nilimhurumia na nilimkasirikia, na sikuona kwa nini nichague kimoja.

Nikampa fomu. Haikuwa na sahihi. Kisha nikachukua kadi ya mfupa, ile tupu, nikaandika mbele yake: kiraka cha plasta kiliwekwa na mimi kwa kufuata mfano wa mwanamume, bila kuonyeshwa na bila kuandikwa, kimetolewa na mimi leo. Nikaweka jina langu na tarehe.

Aliisoma. Akatoka bila mwavuli wake.

Jumanne, 21 Aprili

Hajafika kazini.

Jumatano, 22 Aprili

Hajafika. Mlinzi anasema amesikia ana homa. Nimemsafisha bundi.

Alhamisi, 23 Aprili

Simu ya ofisini imelia mara saba. Moja tu ndiyo iliyonihusu: Daktari wa Meno, akiuliza kama tumepata matokeo. Nikamwambia lile tao alilolisifia nililitengeneza mimi. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia, dada." Sauti yake ilikuwa imepoa. Nilistahili.

Jumatatu, 27 Aprili

Profesa amerudi, amekonda. Akaweka mezani kwangu barua mbili, moja ya bodi na nyingine ya jarida lililochapisha ripoti yetu, akasema nikague kama kuna kosa. Nilisoma nikitafuta jina langu, nikijua litakuwa juu kabisa. Mstari wa kwanza ulisema: "Nilipima kiraka nikijua ni kiraka." Mimi nilikuwa aya ya tatu, ukweli mtupu, bila kupakwa matope wala kufunikwa.

"Kuna kosa?" akauliza.

"Umeandika mwaka wa kaburi vibaya."

Akausahihisha kwa kalamu. Nikamrudishia mwavuli wake.

Jumatano, 6 Mei

Bodi imekaa. Ufunguzi umeahirishwa, na Profesa atastaafu mwisho wa mwezi bila ukumbi. Sanamu imefunikwa turubai. Alitoka kwenye mkutano akapita mbele ya dirisha langu, akainua mkono, hakuingia.

Mimi nimepewa bahasha. Niliipeleka nyumbani bila kuifungua, nikampa Mama, nikaenda kusimama uani kwenye mvua kama mwendawazimu.

"Ni barua ya onyo!" Mama akapaza sauti kutoka ndani.

"Inasemaje?"

"Inasema umefanya uzembe mkubwa wa kitaaluma. Inasema ukirudia utafukuzwa." Karatasi ikageuzwa. "Inasema itawekwa kwenye faili lako. Uje ndani, utapata homa."

"Na mkataba?"

"Hausemwi. Lakini we, tumia akili. Anayeondoka hapewi onyo, anafunguliwa mlango."

Niliisoma mara tatu. Siwezi kuapa kama Mama yuko sahihi. Kuhusu ajira ya kudumu hakuna hata neno moja, na nadhani hiyo imekwenda na maji. Desemba nitajua.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Bodi imeniandikia nimpange upya mwenye mifupa, bila kiraka, pengo lionekane, pamoja na mikuki yake miwili na jiwe lake la kunolea, kila kitu mahali kilipokutwa.

Nilimaliza saa tisa. Nikafunga mlango wa ghala, kwa kuwa mlinzi ana mdomo. Kwa makadirio ya meno alikufa hajafikisha miaka thelathini na mitano, mimi nina arobaini na miwili, kwa hiyo nilimwita mdogo wangu. Nilimwambia nimekosea. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine lakini hayakutoka, nikalirudia lile lile, nimekosea, mdogo wangu, nimekosea, hadi mlinzi akabisha hodi kuuliza kama nimeumia.